Kipimamvua na Kisima: Uhakiki wa Historia ya Utafiti wa Maji na Hali ya Hewa Unguja

Suala lenyewe

Kila siku saa tatu asubuhi, mtumishi wa kituo cha hali ya hewa husoma kipimamvua na kuandika milimita za mvua zilizonyesha tangu saa tatu ya jana. Asubuhi hiyo hiyo, katika mitaa ya Ng'ambo na vijiji vya shamba, mama husimama mbele ya mfereji akihesabu ndoo. Watu hawa wawili wanapima kitu kimoja. Mmoja anapima maji yanapoingia kisiwani, mwingine anapima yanapotoka. Hata hivyo ni nadra kwa mwananchi wa Unguja kuziona hesabu hizo mbili zimewekwa pamoja, katika lugha anayoielewa, ili ajue kama kisiwa chake kinatumia zaidi ya kinachopata.

Historia ya taasisi za utafiti huandikwa kwa kawaida kama orodha: mwaka wa kuanzishwa, sheria iliyoianzisha, vyombo vilivyonunuliwa, misaada iliyopokewa. Tarehe zake huweza kuwa sahihi kabisa. Lakini kwa kada na kwa mwanafunzi wa siasa historia ya namna hiyo haitoshi, kwa sababu inaacha swali la msingi: utafiti ulifanywa kwa ajili ya nani, na matokeo yake yalirudi kwa nani? Katika makala haya tunaitazama historia ya kupima mvua na kutafuta maji Unguja kwa swali hilo. Tunashikilia kwamba tangu enzi za Masultani, ujuzi wa hewa ulijengwa kwa ajili ya wenye vyombo vya safari, na ujuzi wa maji ulijengwa kwa ajili ya mji, na kwamba baada ya Mapinduzi tuliyagawa maji kwa haki zaidi bila ya kuugawa ujuzi wa maji. Kasoro hiyo bado haijarekebishwa, na gharama yake iko chini ya miguu yetu.

Ardhi, mvua na chumvi

Kabla ya kuingia katika historia, hatuna budi kuielewa hali halisi ya kisiwa. Unguja haina ziwa kubwa wala theluji ya mlima. Vijito vyake ni vifupi, na baadhi yake, kama Zingwezingwe na Mwanakombo, hupotelea ardhini kabla ya kufika baharini. Upande wa magharibi na kati una udongo wa kina, kichanga na kinongo, ndiko kuliko na mikarafuu na minazi. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda, ile ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba na mapango mengi. Maji matamu yaliyo chini ya ardhi yote hiyo chanzo chake ni mvua: masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na mvua ndogo za mchoo katikati ya mwaka.

Maji hayo yamekaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Wanasayansi wawili wa Ulaya, Badon Ghijben na Herzberg, walilieleza jambo hili mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kila mmoja kwa wakati wake. Kanuni yao ni hii: katika hali ya utulivu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake kwa Unguja ni nzito. Pampu ikishusha maji kwa mita moja tu na kuyaacha hapo, chumvi kwa nadharia inapanda mita 40 kutoka chini. Kisima kikishaingia chumvi, hakiponi kwa masika moja. Kwa hiyo kisiwa hiki ni kama duka lenye akiba moja. Muuzaji asiyeandika kinachoingia na kinachotoka atagundua hasara siku ambayo rafu ziko tupu.

Sultani, mabaharia na watumwa

Wapo wanaoanza historia ya hali ya hewa na vyombo vya Wazungu. Huo ni upotoshaji. Watu wa pwani walikuwa na kalenda ya jua inayoanza na Nairuzi, siku ambayo Makunduchi huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Kutoka siku hiyo walihesabu siku kwa makumi, miongo, wakajua lini kuchoma konde, lini kupanda, lini kusafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Ujuzi huo haukuwa na kipimo cha milimita, na hatudai kwamba ulitosha. Lakini ulikuwa na sifa moja ambayo taasisi zilizofuata ziliikosa: mkulima na baharia waliuhifadhi wenyewe, wakautumia wenyewe, na wakausahihisha wenyewe.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Vimbunga ni adimu karibu na ikweta, na mji haukuwa na tahadhari. Vyombo bandarini viliangamia, zikiwemo meli za Sultani Barghash, na mikarafuu mingi ya Unguja iling'oka. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Vitabu vingi huhesabu hasara ya mwenye shamba na ya mfanyabiashara. Lakini mikarafuu ilipopandwa upya, nguvu iliyopanda ilikuwa ya watumwa. Aliyeibeba hasara ya hali ya hewa hakuwa yule aliyeiandika katika vitabu vyake vya hesabu. Hilo ni somo la kwanza katika uhakiki wetu.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kiliua maelfu ya watu mjini na mashambani. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alifuatilia njia za ugonjwa huo na kuandika juu ya hali ya mji, na kitabu chake juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki kilichapishwa mwaka 1876. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya kitaalamu juu ya afya ya mji wetu. Kiliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa London.

Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu hadi mjini kwa mfereji wa kujengwa na mabomba. Watu walioishi kwa visima vya uani na vya misikiti wakapata maji ya mtiririko, na mabaki ya kazi ile yanaonekana hadi leo, kama lilivyo lile jengo la kuogea la Hamamni ndani ya Mji Mkongwe. Tusiibeze kazi hiyo. Lakini tuione ilivyokuwa: maji yalitoka shamba yakaenda mjini, kwenye majumba, bandari na meli. Mwelekeo huo wa bomba, kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache, haukubadilika Waingereza walipoutangaza ulinzi wao mwaka 1890. Kijito kilichoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kikawa pia mpaka wa huduma.

Nairobi, ndege na mafuta

Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa makoloni yao ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mkuu wake wa kwanza, Albert Walter, alitoka Mauritius, na makao makuu yakawekwa Nairobi. Wakati wa kuanzishwa kwake unaeleza mengi. Hiyo ndiyo miaka ambayo ndege za Dola ya Kiingereza zilikuwa zikifunguliwa njia kutoka Misri hadi Afrika ya Kusini. Rubani alihitaji kujua mawingu na upepo. Mtawala alihitaji kujua mavuno ya biashara. Mkulima wa muhogo wa Makunduchi hakuwa katika orodha ya wateja.

Katika upande wa ardhi, mwaka 1928 ilichapishwa ripoti ya G. M. Stockley juu ya jiolojia ya Zanzibar, na vituo vya kilimo kama Kizimbani viliendelea na uchunguzi wa mikarafuu na udongo. Ujuzi huo una manufaa hadi leo, na mtafiti makini wa maji hawezi kuuruka. Namba ya mvua haina tabaka. Mwenye tabaka ni yule anayeamua mvua ipimwe wapi, isomwe na nani, na ifungiwe kabati gani.

Ushahidi mmoja unatosha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 makampuni ya BP na Shell yalichimba Unguja kisima kilichoshuka zaidi ya mita 4,000. Kilichimbwa kutafuta mafuta. Hatujui katika historia ya kisiwa hiki kisima cha maji kilichokaribia kina hicho, wala hakihitajiki kina hicho ili kupata maji. Lakini kipimo cha mtaji uliotumika kinaonyesha mkoloni aliona nini alipotazama chini ya ardhi ya Unguja.

Mapinduzi na mfereji wa bure

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaligeuza mwelekeo wa bomba. Serikali ya Mapinduzi ilifanya maji kuwa huduma ya wananchi bila ya malipo. Ardhi ilitaifishwa na kugawiwa eka tatu tatu. Majumba ya Michenzani yalijengwa Ng'ambo, mahali ambapo zamani ziliwekwa nyumba za udongo na makuti bila ya huduma. Mtu yeyote anayeandika historia ya maji ya Zanzibar bila ya kuuona mgawanyo huu wa haki anaandika historia ya mabomba tu.

Hata hivyo uhakiki wa kimapinduzi haukomei kwenye sifa. Maji kuwa bure kulikuwa na maana ya haki, lakini tuliachia iwe pia na maana kwamba maji hayana hesabu. Bila ya mita hatukujua mtu anatumia kiasi gani, bomba linavuja kiasi gani, wala kisima kinashuka kiasi gani. Majumba yalipanda ghorofa, lakini kwa miaka mingi nguvu ya maji haikupanda nayo, na wakaazi wa juu wakapandisha ndoo kwa ngazi. Mkulima wa eka tatu alipewa ardhi, naye akaendelea kutegemea mvua ambayo takwimu zake hazikumfikia. Kwa maneno mengine, tulitaifisha maji, tukasahau kutaifisha ujuzi wa maji. Ujuzi ulibaki mali ya ofisi.

Mbingu ya Muungano, kisima cha Zanzibar

Baada ya uhuru, idara ya hali ya hewa ilibaki ya pamoja, kwanza chini ya Jumuiya ya Huduma za Pamoja za Afrika Mashariki, na kuanzia 1967 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao makuu yalibaki Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ililazimika kusimama kwa miguu yake. Tanzania iliunda idara yake, ambayo Desemba 1999 ikawa Wakala, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Mwaka huo huo wa 1977 ndio uliozaa Chama Cha Mapinduzi, Februari 5, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Kada anayeisoma Nyongeza ya Kwanza ya Katiba hiyo, yenye orodha ya Mambo ya Muungano, atakuta humo mambo matatu yakifuatana: utafiti, utabiri wa hali ya hewa, na takwimu. Maji hayamo. Maji ya Zanzibar yanasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Sheria ya Maji Na. 4 ya mwaka 2006 ndiyo iliyoiunda Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, na kufungua njia ya mwananchi kuchangia gharama.

Hatuutaji mgawanyo huu ili kuchochea mabishano ya Muungano, ambayo mara nyingi huwafaa wasioutakia mema. Mgawanyo una sababu zake, na upepo hauombi ruhusa kuvuka bahari kutoka Dar es Salaam. Tunachosema ni kwamba mgawanyo wa madaraka unahitaji daraja la makusudi. Tone la mvua linapokuwa hewani ni jambo la Muungano. Likigusa ardhi ya Kizimbani na kuzama, limekuwa jambo la Zanzibar. Nani anawajibika kulifuata tone hilo kutoka hewani hadi kisimani, na kumwambia mwananchi limefika ngapi? Swali hili halijibiwi kwa kila upande kueleza mipaka ya sheria yake.

Faida ya kuwa na ujuzi wa hewa unaofika kwa watu tumeiona. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, tahadhari zilitolewa mapema, kwa Kiswahili, kwenye redio na simu, na watu wakajiandaa. Linganisha na Aprili 1872. Kumbuka pia Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe bahari ikiwa imechafuka, na wananchi wengi wakapotea. Katika hatari ya upepo tumejifunza kwamba taarifa lazima imfikie mtu kabla ya janga. Dalili ya mvua ni mawingu, nayo mawingu tunatangaziwa. Dalili za kisima kuingia chumvi hatutangaziwi, kwa sababu janga lake haliji kwa kishindo.

Wataalamu wa kupita

Pengo lililoachwa na sisi lilijazwa na wageni. Katika miaka ya 1990 Finland ilisaidia mipango ya maji ya mji. Mwaka 1994 kampuni ya Kiingereza ya Sir William Halcrow ilitoa ripoti juu ya maendeleo ya vyanzo vya maji Zanzibar. Japani ilifuata kwa visima, mabomba na mafunzo. Julai 2016 ulisainiwa mkataba wa mkopo wa India wa takriban dola za Marekani milioni 92 kwa ajili ya maji ya Zanzibar. Tunawashukuru marafiki. Lakini tuulize: katika kazi zote hizo, ni ripoti ngapi ambazo sheha wa Mwera au Jang'ombe anaweza kuzisoma? Msaada unaoacha pampu na kuondoka na daftari ni msaada nusu. Na mkopo si msaada: utalipwa na watoto wa wale wanaobeba ndoo leo, na wao wana haki ya kujua kama visima vilivyochimbwa kwa deni lao vitakuwa vitamu watakapokuwa wakubwa.

Wakati huo huo tabaka jipya la watumiaji lilifika. Sheria ya kulinda vitega uchumi ya mwaka 1986 ilifungua mlango wa utalii, na hoteli zikajipanga pwani ya mashariki na kaskazini, yaani juu ya uwanda, mahali ambapo maji matamu ni membamba kuliko kwengine kote. Mtafiti Stefan Gössling, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, alikadiria kwamba mtalii mmoja alitumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, kiasi kinachozidi mara nyingi matumizi ya mwanakijiji jirani yake. Sehemu kubwa iliishia kwenye bustani na mabwawa ya kuogelea. Tunasisitiza jambo moja: takwimu hii, inayotajwa mno kila tunapozungumzia maji na utalii Zanzibar, tuliletewa na mtafiti wa nje. Tungekuwa tumeipima wenyewe, na kuipima kila mwaka, ingekuwa silaha mikononi mwa wananchi wa Jambiani na Nungwi wanapozungumza na mwekezaji. Sasa imebaki kuwa rejea katika majarida ya Ulaya.

Hoja zinazopingana nasi

Hoja ya kwanza husema: maji na hewa ni kazi ya wataalamu, siasa isiingie. Tunajibu kwamba siasa iliingia zamani. Iliingia mwaka 1929 ofisi ilipowekwa Nairobi kwa ajili ya ndege, na inaingia kila kiwanja kinapogawiwa juu ya chanzo cha maji. Mtaalamu hawezi kuulinda msitu wa Masingini, unaokinga chemchemi za Bububu, ikiwa wenye madaraka wameamua kuutafuna kidogo kidogo. Ulinzi wake ni uamuzi wa kisiasa, na uamuzi wa kisiasa unahitaji umma wenye taarifa.

Hoja ya pili husema: maji ya chini yakiisha tutasafisha maji ya bahari, kama wafanyavyo nchi za Ghuba. Mitambo hiyo ipo, na baadhi ya hoteli zinaitumia. Lakini inakula umeme mwingi, na umeme wa Unguja unapita kwenye waya chini ya bahari. Mwaka 2008 waya ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa bila ya umeme wa gridi kwa miezi mitatu. Pampu zilisimama, na watu wakarudi kwenye visima vya kamba, vile vya babu zao, ambavyo vingi vilikuwa vimeachwa au kujaa uchafu. Aliyeokolewa wakati ule aliokolewa na akiba ya chini ya ardhi. Anayesema akiba hiyo iachwe iharibike kwa kuwa mashine zitakuja, basi ameyasahau yale ya juzi.

Hoja ya tatu ni ya wenzetu wa mrengo wa kushoto zaidi, wanaosema kwamba mita za maji ni ubepari mtupu na kwamba kurudi kwenye maji ya bure kunatosha. Tunaheshimu chimbuko la hoja hii. Lakini kupima na kutoza ni mambo mawili mbali mbali. Taifa linaweza kumpimia maskini bila ya kumtoza, na linaweza kumtoza bila ya kumpimia, jambo ambalo ni baya zaidi. Wakati wa sensa ya 1978 Zanzibar ilikuwa na watu 476,111. Katika sensa ya 2022 tulikuwa 1,889,773, karibu mara nne. Mvua haikuongezeka mara nne. Haki bila ya hesabu, katika kisiwa kama hiki, ni haki ya kizazi kimoja.

Kujikosoa na wajibu

Ni rahisi kuwakosoa Masultani, wakoloni na wahisani. Ni vigumu zaidi kujikosoa. Sisi makada tumehudhuria mikutano mingi ya kuzindua visima, tukakata utepe na kupiga makofi maji yalipoanza kutoka. Ni mara ngapi tulirudi baada ya miaka mitano kuuliza maji yameshuka mita ngapi? Tumehesabu visima vilivyochimbwa kama mafanikio, na kila kisima kipya juu ya mwamba ule ule kinaweza kuwa dalili ya kushindwa kwa kile cha jirani. Tumewatuma vijana kusoma, nao wakirudi tumewapa meza bila ya chombo. Na kipindupindu, kilichomshughulisha Christie mwaka 1869, kilirudi tena na tena, kikiwemo kile cha 2015 na 2016, kwa sababu yale yale: maji machafu, vyoo karibu na visima, mafuriko ya masika.

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza mambo manne yajadiliwe katika matawi na vyuo.

Kwanza, kila shehia yenye kisima cha umma iwe na ubao wa wazi, uandikwe mvua ya mwezi, kina cha maji kisimani na kiasi cha chumvi. Kazi hiyo inahitaji kamba yenye alama, kipimo kidogo cha chumvi na mtu mwaminifu. Haihitaji mkopo.

Pili, skuli za Unguja na Pemba zipewe vipimamvua, na wanafunzi wasome saa tatu asubuhi kama wafanyavyo watumishi wa kituo. Mvua ya kisiwa hiki hutofautiana sana baina ya magharibi na mashariki, na vituo vichache haviwezi kuiona yote. Mtoto aliyepima mvua kwa mkono wake hatakubali kirahisi kudanganywa juu ya maji.

Tatu, kila ripoti ya maji na hali ya hewa iliyolipiwa kwa jina la wananchi, iwe ya zamani au mpya, itolewe kwa Kiswahili. Vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waifanye kazi ya kufasiri na kufupisha iwe sehemu ya masomo yao, wakianzia na ripoti zilizolala makabatini.

Nne, wanaovuta maji mengi, hoteli zikiwa za mwanzo, wapimwe kwa ukamilifu, na matumizi yao yabandikwe hadharani karibu na matumizi ya kijiji. Pasipo na kificho, majadiliano baina ya mwekezaji na mwanakijiji yatakuwa majadiliano ya watu wawili wanaojua.

Hatudai kwamba mambo haya manne yatamaliza tatizo. Tunadai kwamba bila ya hayo hatutajua hata ukubwa wa tatizo. Mapinduzi yalimpa mwananchi wa Unguja ardhi na mfereji. Bado hayajampa daftari, na kazi ya kuliandika haiwezi kuachiwa ofisi mbili peke yake, moja ya mbingu na nyingine ya ardhi. Matawi yaanze na kisima kilicho karibu nao. Waende na kamba, wapime, waandike tarehe, na mwezi ujao warudi tena.